Mzee wa Faiba

Jina lake nalijua, lakini mtaani kwetu nyuma ya soko hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mzee wa Faiba. Ukishuka Morogoro Mjini ukamwambia dereva wa bajaji akupeleke kwa Mzee wa Faiba, ulifika bila swali la pili. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na karakana yake vilikuwa ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na moja, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia kupitia ukuta ule, pamoja na moja nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutibu vifaa vya michezo ambavyo si vya chuma wala mbao. Zamani alikuwa akiziba matangi ya maji na bodi za mabasi kwa faiba, zile nyuzi za kioo zinazopakwa gundi, na jina likamganda. Baadaye zikaanza kuja baiskeli za mashindano, raketi za tenisi, fimbo za gofu, vyote vya kaboni. Kaboni ni nyuzi nyeusi, nyembamba kuliko unywele, zinafumwa kuwa kitambaa, kitambaa kinaloweshwa gundi, gundi inakauka na kuwa ngumu. Ukiinua fremu ya baiskeli ya namna hiyo unadhani umeinua kikapu kitupu. Huku kwetu zinaingia kwenye makontena, zimeshapandwa na watu wa mbali tusiowajua, nyingine zimeshaanguka huko zikapakwa rangi upya. Mtu wa Morogoro anainunua, anaipanda kwenda Mzumbe na kurudi, na hajui amekalia nini.

Mzee alikuwa anawajulisha. Kabla ya kugusa msasa, alisikiliza. Alitoa sarafu ya mia mbili mfukoni, akaigonga fremu polepole kuanzia mbele hadi nyuma, kichwa amekiinamisha kama daktari juu ya kifua cha mtoto. Palipo pazima palitoa mlio mkavu wa juu. Palipoachana kwa ndani, hata kama rangi ya nje inang'aa, mlio ulizama. Hapo alisimama, akarudia mara mbili, akasema, "Hapa pamekufa." Niliwahi kumwona mhadhiri wa chuo, mtu mzima na miwani yake, akitokwa na jasho kuisubiri sarafu ile imalize safari.

"Chuma kina huruma," aliniambia siku moja akinawa mikono kwa sukari na mafuta ya kula, maana ndivyo alivyoitoa gundi kwenye vidole. "Chuma kinapinda kwanza. Unakiona kimepinda, unashuka, unatembea kwa miguu. Kaboni haikuambii kitu. Ni nzima, ni nzima, halafu haipo."

Hakuwa mtu mwema kwa sura. Salamu aliitikia, basi. Mteja akiongea sana, yeye aliwasha mashine ya kusugulia mpaka mteja anyamaze. Aliichukia redio yangu, na kila siku saa nne alipokuwa anakunywa uji wake wa ulezi aligonga ukuta niipunguze. Adhuhuri aliswali mle mle ndani juu ya kipande cha boksi, kwa sababu mkeka ulijaa vumbi la kaboni, na vumbi lile likiingia kwenye ngozi linawasha siku nzima. Alijua madhara yake. Mtu yeyote akitaka kuingia wakati anasugua, alimfukuza kama kuku. "Toka, utaharibu kifua!" Yeye mwenyewe hakuvaa barakoa hata siku moja. Nilimshonea tatu za kitambaa kizito. Alizipokea, akashukuru, akazitumia kuchujia rangi.

Na hakujua kuendesha baiskeli. Watu hawakuamini. Fremu alizozishika zilipanda milima yote hii, nyingine zilikwenda mashindano hadi Arusha, lakini yeye hakuwahi kukaa juu ya tandiko. Kila jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimuuliza sababu. "Nimeshaona zinavyovunjika," alisema.

Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Aliazima mkasi wangu, ule mkubwa wa kukatia suti, akanirudishia jioni ukiwa butu kabisa. Nyuzi za kaboni zinakula makali. Nililia pale pale dukani. Kesho yake alileta mkasi mpya, akauweka mezani pamoja na kitambaa cheusi kilichokunjwa.

"Mama Neema, huu ni wako. Lakini ule wa zamani nao ukae, uwe wa kazi yangu. Unikatie wewe. Mimi nikikata, nyuzi zinafumuka."

Nilikata. Kitambaa cha kaboni kinateleza kuliko hariri na hakisamehi mkono unaotetemeka. Siku hiyo aliniona nikikata gauni la bibi harusi, akauliza kwa nini nimelaza kitambaa upande. Nikamweleza kwamba kitambaa kilichokatwa mshazari, nyuzi zikapita kona kwa kona, hufuata mwili na kustahimili kuzungushwa. Kilichokatwa wima ni kigumu upande mmoja na upande mwingine kinaachia. Mzee alisimama akiwa ameshika mwiko wa gundi mpaka gundi ikamkaukia. Kazi ile alikuwa anaijua kwa mazoea, lakini nadhani hakuwahi kusikia mtu akiisema kwa maneno. Tangu siku hiyo hakuna kilichotoka kwenye karakana ile bila kupita kwenye mkasi wangu wa zamani. Aliniambia tabaka ngapi wima na ngapi mshazari, nami nikakata. Umeme ukikatika na taa yake ya kukaushia ikazimika, alichukua pasi yangu ya mkaa akaishikilia karibu na kiraka, saa nzima, mkono haushuki.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokataa kukigusa. Foku. Nayo ni ule uma wa mbele unaoshika tairi, wenye miguu miwili na shingo. Fremu ikiachia, alisema, unaweza kuchubuka ukainuka. Foku ikiachia, unakwenda chini kwa uso na hakuna cha kushika. Kwa hiyo foku yenye ufa hakuishona, na hakuishia hapo. Alikuwa na nyundo ya kilo mbili chini ya meza. Akishaisikiliza foku na kuiona imekufa, aliilaza juu ya jiwe akaivunja papo hapo, ili mtu asije akashawishika kuipanda.

Siku moja mfanyabiashara mmoja wa mjini alileta baiskeli nyuma ya gari lake. Ufa ulikuwa mdogo, mimi sikuuona hata nilipoonyeshwa.

"Hii foku siigusi," Mzee alisema.

"Basi nirudishie."

"Ngoja kidogo."

Akaiingiza ndani, akaitoa foku kwenye fremu, nikasikia pigo moja. Yule bwana alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Akasema atakwenda polisi, akasema hajui anacheza na nani. Mzee akamkabidhi vipande viwili mkononi.

"Nishtaki. Ukiwa hai utaweza kunishtaki."

Tulicheka wiki nzima. Yule bwana baada ya miezi kadhaa alirudi na kilo tano za mchele, akaziacha kwangu kwa sababu aliona aibu kumkabidhi mwenyewe.

Haya nimeyaeleza ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani hadi siku ile Salha alipoleta baiskeli yake.

Salha alikuwa binti wa Kinole, juu milimani. Alijifunza mbio za baiskeli bila kujua kwamba anajifunza: tangu usichana alikuwa akishusha ndizi hadi Mkuyuni kwa baiskeli ya chuma, halafu anaisukuma au kuipanda kurudi juu. Klabu ya mjini ilimwona, ikampa baiskeli ya kaboni iliyotumika. Alikuwa na miaka ishirini na nne, mapaja kama ya mcheza mpira, na sauti ndogo. Mzee alimwita "binti wa Kinole". Yeye alimwita Mzee baba, na mimi aliniita shangazi ingawa mimi si Mluguru kama yeye, nilikuja Morogoro kwa ndoa tu. Ndiye mteja pekee aliyeruhusiwa kukaa kwenye kigoda cha Mzee.

Alikuja Jumanne. Mimi nilikuwa mlangoni nikitia vifungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeanguka."

"Sikuanguka, baba. Mbuzi alikatiza njia pale Kiroka, nikaingia mtaroni."

"Hiyo ndiyo inaitwa kuanguka."

Akatoa sarafu. Fremu ilikuwa nzima. Alipofika kwenye mguu wa kushoto wa foku, chini kidogo ya shingo, mlio ukazama. Hata mimi niliusikia.

"Hii imekufa."

"Mashindano ni Jumapili, baba."

"Tafuta nyingine."

"Nimetafuta. Dar wameniambia wiki tatu. Ya chuma ambayo klabu wanayo haiingii, shingo ya hii ni nene."

"Basi Jumapili usipande."

Jumapili ile ndiyo wangechaguliwa wa kwenda kambi ya timu ya taifa, na kila mtu alisema wa kike ni Salha. Aliongea taratibu kama mtu aliyeshajijibu maswali yote usiku.

"Mwaka kesho watachukua wa miaka kumi na tisa. Mimi nitarudi kwenye ndizi. Kama hutaki kuishona, baba, nipakie rangi tu, ufa usionekane kwa wakaguzi. Nitaipanda hivyo hivyo."

Mzee aliangalia chini ya meza, ilipokuwa nyundo. Mimi pia niliangalia. Nilikuwa nasubiri pigo. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba gari la taka lilipita mtaani, likasimama, likaondoka.

"Iache hapa," alisema.

Aliniagiza vipande vinne vya mshazari, virefu vya kuzunguka mguu wa foku mara moja na nusu. Nilifungua kitambaa usiku huo nyumbani, nikakipima. Kilichobaki kwenye gora kilitosha vipande vitatu. Cha nne hakikutoka kwa mshazari; pembe ilikuwa fupi. Kwa wima kilitoka vizuri. Kitambaa kipya kilikuwa kinaagizwa nje, kinachukua mwezi. Nilijua tofauti ya wima na mshazari kuliko mtu yeyote katika mji ule, kwa sababu mimi ndiye niliyeisema. Nikajiambia vitatu viko sawa, cha nne ni cha juu tu, kitafunikwa rangi. Nikakata wima. Asubuhi nikavikunja, cha nne nikakiweka chini kabisa, nikampelekea. Alivipokea, akanishukuru. Sikusema neno.

Jumamosi Salha alikuja kuichukua. Mzee alimpa masharti akiwa ameshikilia usukani, hajauachia bado.

"Mteremko wote unashuka na breki. Ukiona shimo, unalikwepa, hata kama unapitwa. Na Jumatatu unaniletea niivunje."

"Inshallah, baba."

Jumapili nilikuwa kanisani. Nilitoka nikakuta simu imejaa ujumbe. Alikuwa anaongoza. Waligeuza Mkuyuni, wakaanza kurudi, na kwenye mteremko kabla ya Kiroka gurudumu la mbele liliingia kwenye kishimo kidogo, waliokuwa nyuma yake wanasema kidogo sana, wao walikipita bila kukijali. Mguu wa kushoto wa foku ukakatika. Alirushwa mbele, akatua kwa shingo na mgongo. Alikaa hospitali Dar miezi mingi. Aliporudi Kinole, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa anasikia kitu.

Mzee alikwenda klabu akaiomba foku. Walimpa, hawakuwa na haja nayo. Kwa siku tatu hakuwasha mashine. Nilichungulia nikamwona ameviweka vipande viwili kwenye mapaja yake, amevaa miwani ya kusomea, anavigeuzageuza. Sikuingia. Nilisema moyoni nitaingia kesho.

Salha aliporudi nyumbani, Mzee alinijia akiwa amevaa kanzu.

"Twende Kinole. Peke yangu sitafika."

Tulipanda gari la abiria mpaka juu. Mvua ilikuwa imenyesha, utelezi, sehemu moja tulishuka wote tukasukuma, naye alisukuma, kanzu ikajaa tope. Tulimkuta Salha amelazwa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mto mgongoni. Mama yake alitupokea vizuri kupita kiasi. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi na tope lake.

"Nimekuja kusema kwamba kazi ile ni yangu. Nilijua haishonwi, nikaishona. Ni mkono wangu."

Mama mtu akainua mikono. "Mzee wangu, usijitese. Ni amri ya Mungu. Sisi hatuna neno na wewe."

"Mama," Salha akasema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ile ile ndogo. "Msimwingize Mungu. Mimi sijafa. Mimi nimeangushwa na foku."

Salha akamgeukia Mzee.

"Wanasema nilikamata breki vibaya. Mwenyekiti alikuja hapa, alikaa hapo ulipo, akaniambia nilikamata breki ya mbele kwa nguvu. Wewe nenda ukawaambie."

"Nitawaambia."

"Na ukishawaambia usirudi hapa, baba."

Bado alimwita baba. Nadhani hakuwa na neno lingine la kumwitia. Kwenye gari la kushuka Mzee aliongea mara moja tu, na hakuwa akiongea na mimi hasa. "Ningeipiga nyundo siku ile, angenichukia mpaka leo, na angekuwa anatembea."

Alikwenda kweli kwenye mkutano wa klabu. Niliambiwa na watu watatu, na wote waliniambia vile vile. Alifunua gazeti, akaweka vipande viwili vya foku juu ya meza, akasema binti hakukosea breki, foku ilikuwa mbovu, na aliyeirudisha barabarani ni yeye. Mwenyekiti alimwacha amalize. Halafu akasema, "Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini hapa tusitafute mchawi. Ajali ni ajali." Kulikuwa na wafadhili siku hiyo, wamekuja na fulana. Wakaendelea na ajenda. Mmoja wa waendesha baiskeli, kijana aliyekuwa na fremu iliyotibiwa na Mzee, alitoka nje akaangalia baiskeli yake, akarudi ndani akakaa.

Kilichofuata ndicho watu wanachokikumbuka zaidi, na wanakisimulia kwa kucheka, jambo linaloniumiza. Mzee alianza kuzitafuta kazi zake. Hakuwa na daftari, alikuwa nazo kichwani. Alisimama njia ya kwenda Bigwa asubuhi, akiona baiskeli anayoijua, anainua mkono. Anaomba aigonge. Mwanzo walisimama kwa heshima, wakamwachia sarafu yake ipite. Zile alizozitilia shaka aliomba azivunje, na hapo ndipo heshima iliisha. Nani atakubali kuvunjiwa baiskeli nzima barabarani? Wakaanza kumpita. Baadaye wakaanza kuongeza mwendo wakimwona. Nilimkuta siku moja amesimama pale, jua la saa sita, mkono bado uko juu, na barabara haina mtu.

Nilimwambia, "Mzee, twende nyumbani."

"Kuna nyingine kumi na nne," alijibu.

Wateja waliisha. Raketi mbili tatu zililetwa, akazirudisha. Kifua nacho kikaanza kudai. Alikuwa anakohoa tangu zamani, lakini sasa alikohoa mpaka anashika ukuta, nami upande wa pili nasikia mkono wake ukipapasa. Daktari alimwambia mapafu yamekuwa magumu, vumbi la miaka mingi. Akafunga karakana. Binti yake anayekaa Kilakala akaja kumchukua, na chumba kile sasa kinauza vocha na chaja za simu.

Mimi niliendelea kupanda Kinole. Mwezi haupiti bila kwenda. Namshonea Salha sketi za kukalia, zisizojikusanya kwenye kiti cha magurudumu, namsuka nywele, namletea habari za mjini. Mama yake ananiombea dua kila ninapoondoka. Kila nikishuka najiambia safari ijayo nitamwambia kuhusu kipande cha nne, na kila safari inakuja na kupita.

Ilinichukua miaka miwili kwenda Kilakala kwa Mzee na neno hilo. Nilimkuta barazani asubuhi, amekaa kitako ameegemea mito mitatu kwa sababu kulala chali hawezi tena. Alikuwa amebaki macho na mikono. Mikono ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Kaa upande huu, jua lisikupige." Kila maneno matatu alipumzika. "Redio yako inaendeleaje?"

"Ipo. Siku hizi hakuna wa kunigongea ukuta."

Akatabasamu. Binti yake alituletea chai akaingia ndani. Nikaona nikiinywa ile chai sitasema tena.

"Mzee, kipande cha nne cha ile foku ya Salha..."

"Kilikuwa wima."

Nikabaki nimeshika kikombe.

"Nilikiona kabla hujafika mlangoni kwako," alisema.

"Kwa nini hukunirudishia?"

"Ungekata nini? Kitambaa kilikuwa kimekwisha." Alikohoa, nikasubiri, akafuta midomo. "Nikajisemea vitatu vinatosha. Nawe ulijisemea hivyo hivyo, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi tulikuwa wawili."

Nililia. Nilikuwa nimekuja nikitumaini ataniambia kipande kile hakikuwa na maana yoyote, na sasa nilimuuliza waziwazi, kama mtoto. "Ndicho kilichoivunja, Mzee?"

"Nimeikagua foku ile mpaka naijua kuliko uso wangu. Ilianza kuachana chini ya kiraka. Huenda ni kipande chako. Huenda ni gundi yangu, ilikuwa ya zamani. Huenda foku haishonwi tu. Sijui. Nilitaka sana kujua, na sijui."

"Nitakwenda kumwambia Salha."

"Ili iweje?"

"Ajue."

"Anajua. Anajua ni mimi." Akanishika mkono, vidole vyake vikavu. "Ana mtu mmoja wa kumchukia, na ameshamzoea. Ana mtu mmoja wa kumsuka nywele. Ukimwambia, atabaki na wa kuchukiwa wawili, na wa kumsuka hana. Au unataka kupumzika wewe?"

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Nilipoaga alisema nimsalimie Salha, halafu akakumbuka, akasema, "Hapana, usimsalimie."

Alifariki kabla masika hayajaisha. Salha hakuja mazikoni. Alimtuma mama yake, na mama yule alilia kuliko wenye msiba.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Kinole. Salha alikuwa uani kwenye kiti chake, kisu mkononi, anamenya machungwa ya kwao, anayaweka kwenye sahani. Hakuuliza mazishi yalikuwaje. Aliuliza kitu kingine.

"Shangazi, ninyi mlikuwa majirani. Hivi yule mzee alikuwa fundi kweli, au alikuwa anabahatisha tu?"

"Alikuwa fundi," nilisema. "Sijaona kama yeye."

Alimenya kwanza, ganda likashuka refu bila kukatika.

"Basi kwa nini iliachia?"

Mdomo wangu ulifunguka. Nilisikia maneno yamefika hapa, kooni, yamejipanga.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akaligawa chungwa, akaninyooshea nusu kubwa. Nikaipokea, nikala.